Mwaka Walipofika Kwenye Hewa

Mkavu, mwana wa Mchimba Visima, mjukuu wa Mpasua Kokoto. Hilo ndilo jina lake kamili, na mtu akilikatisha njiani alikuwa anamrudisha mwanzo. Babu yake alipasua kokoto za barabara iliyoleta lori la kwanza kule kwao, akapasua mpaka vidole vikagoma kunyooka. Baba yake alichimba visima, akishuka kwa kamba mahali ambapo wenzake walichungulia tu wakarudi nyuma. Na yeye Mkavu alitoboa mwamba chini ya ardhi tangu ndevu hazijamtoka sawasawa mpaka siku kampuni ilipofunga lango. Njia kuu ya mgodi aliitoboa yeye. Chumba cha pampu alikitoboa yeye. Na siku dari lilipoporomoka alimbeba nyapara wake mgongoni hadi kwenye kizimba cha kupandia juu, na yule nyapara alikuwa mtu mwenye kitambi cha kutosha watu wawili.

Jina la Mkavu hakupewa na wazazi, alipewa na wenzake wa zamu. Mashine ya kutobolea mwamba ina mipira miwili. Mmoja unaleta upepo wa kuisukuma, mwingine unaleta maji, yanayopita ndani ya chuma kirefu cha kutobolea na kutokea kwenye tundu. Ukiyafungulia, tope linakurukia kuanzia kifuani hadi kwenye buti, na zamu ikiisha unapanda juu umelowa chapachapa. Huko juu upepo wa alfajiri unakusubiri. Wachimbaji karibu wote waliamini, na Mkavu aliamini kuliko wote, kwamba kifua cha mgodini kinaletwa na kulowa: mtu anatoka kwenye joto la chini, nguo zimemganda mwilini, baridi inampenya mbavuni na kujenga nyumba humo. Kwa hiyo alipokabidhiwa kikosi chake, maji akayafunga. Msimamizi akipita, yanafunguliwa. Msimamizi akikata kona, yanafungwa. Vijana wake wote aliwafundisha hivyo, mmoja mmoja, kwa kuwashika mkono na kuuweka kwenye koki.

"Mnataka kufa mmelowa kama panya wa mtaroni?" alikuwa akiwaambia. "Vumbi unalitema, kwisha kazi. Baridi utaitemaje?"

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kila mchimbaji alikuwa na ndoano yake na mnyororo wa kuvutia nguo za kazi juu darini zikauke. Nguo za vikosi vingine zilidondosha maji sakafuni usiku kucha. Za kikosi cha Mkavu zilining'inia kavu, nyeupe kwa vumbi, naye aliwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha ng'ombe zake. Wake wa wale vijana walimsalimia kwa heshima njiani. Huyo bwana wako, walimwambia mke wa Mkavu, anatutunzia waume zetu.

Mgodi ulipofungwa familia nyingi ziliondoka. Mkavu alibaki na mkewe kwenye zile nyumba za safu za kampuni, vyumba viwili, baraza la saruji, na ua wenye ukuta wa mawe aliyoyapanga mwenyewe. Ule mnara wa kushushia watu ulionekana kutoka barazani, umeliwa na kutu, gurudumu lake halizunguki tena. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Zahanati wakasema ni kifua kikuu, akanywa dawa mpaka zikaisha. Hakupona, wakamwanzishia upya, akanywa tena bila kuruka hata siku moja, maana alikuwa mtu wa kufuata masharti. Ilifika mahali hawezi kuzima kiberiti kwa kupuliza. Anakitikisa.

"Ni uzee tu," alikuwa akisema. "Cha mgodini hakiwezi kuwa. Mimi sikulowa."

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa wa kiume aliacha shule mapema, akajiunga na wachimbaji wadogo wanaochimba kwenye vilima vya nyuma, mashimo ya kamba na kompresa, kazi ya kujitegemea. Alitaka kuwa kama baba yake, na baba yake hakumzuia. Wa pili alikuwa binti. Huyu alichaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa migodi.

Fundi viatu wa mtaani alicheka siku nzima. "Miaka minne kusomea shimo?" alimwambia Mkavu. "Panya hajaingia darasani hata siku moja, na anachimba."

"Panya hachimbi njia ya reli," Mkavu akamjibu. "Shona viatu."

Lakini hata yeye hakujua shimo linasomewaje. Kwa hiyo binti akirudi likizo, kabla hajashusha begi, swali lilikuwa moja: "Mmefika wapi?" Aliuliza kama mtu anayewauliza wa zamu iliyotangulia njia imesogea kiasi gani. Mwaka wa kwanza wakawa kwenye hesabu, fizikia na kemia, na mawe. Binti alirudi na vipande vya mawe kwenye boksi la viatu, akamfundisha majina yake ya kitabuni, naye akamfundisha ya mgodini, ambayo mengine mama mtu alikataa yatamkwe mbele ya chakula. Mwaka wa pili wakawa kwenye upimaji, jinsi ya kuchimba kutoka pande mbili za mlima mkakutana katikati bila kupishana. Mwaka wa tatu wakafika kwenye dari, namna mwamba unavyojibeba na namna unavyochoka, kisha wakaingia kwenye baruti.

Hiyo ndiyo likizo aliyoifurahia kuliko zote. Walichora matundu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, lipi lilipuke kwanza, lipi lifuate, baba anafuta, binti anarudishia, mpaka mama akawatoa wote wawili kwa ufagio.

"Na mwakani mnafika wapi?" aliuliza Mkavu walipokuwa wanamsindikiza kituoni.

"Usindikaji wa madini. Uchumi. Sheria na usalama. Na hewa."

"Hewa nayo inasomewa?"

"Hewa ndiyo ngumu kuliko yote, baba. Iingie wapi, itokee wapi, imfikie kila mtu huko chini."

"Muisome vizuri," alisema, akasimama kupumzika ingawa barabara ilikuwa tambarare. "Mkiikuta yangu mahali mnirudishie."

Ilipofika likizo ya mwaka wa nne binti alishuka garini na begi na mfuko wa nguo chafu, akasalimia, akaingia ndani kubadili nguo. Mkavu alipouliza wamefika wapi, akamsimulia usindikaji: jinsi wanavyosaga mawe hadi unga na kuufanya unga uelee kwenye povu. Akamsimulia uchumi. Kuna hesabu, alisema, ya kujua mgodi utakufa lini hata kabla haujafunguliwa.

"Kwa hiyo walijua," alisema Mkavu, akiutazama ule mnara.

"Walijua, baba."

"Tulipokuwa tunapanda miti ya kivuli pale getini, walijua."

Mama yake alikuwa ameshaufungua ule mfuko uani, kando ya karai, akatoa ovaroli iliyokakamaa kwa tope kuanzia kwenye kola hadi kwenye pindo za miguu. Mkavu aliiona kutoka barazani, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na ikabidi angoje kiishe ndipo aseme.

"Nini hii? Binti yangu mimi anarudi na nguo za bata?"

"Tulikuwa na mafunzo ya kutoboa. Kuna mwamba nyuma ya karakana ya chuo."

"Na hamkuona pa kuyafungia maji?"

"Ukiyafunga unatolewa nje."

"Anakutoa nani?"

"Mhadhiri."

"Huyo mhadhiri wenu amewahi kupanda juu alfajiri amelowa? Muulize. Mwambie unaye baba aliyetoboa maisha yake yote na hajarudi nyumbani na tone."

Binti alikwenda kuinama kwenye karai, akaanza kuisugua ovaroli ambayo mama yake alikuwa ameshaishika. Mama akamwachia, akamtazama usoni, akajua kuna jambo. Mkavu naye alijua. Mtu aliyesikiliza mwamba miaka yote hiyo, ukimya wa mwanawe hauwezi kumpita.

"Na hewa?" akauliza.

"Tumesoma."

"Mmefika wapi?"

"Tumemaliza, baba."

"Mtu akimaliza njia anasema ametokea wapi. Mmetokea wapi?"

Binti akaja kukaa kwenye ngazi ya baraza, mikono ina povu la sabuni. Alizungumza akiitazama mikono hiyo. Mwamba ukitobolewa mkavu, alisema, unatoa vumbi la aina mbili. Lile unaloliona linakwama puani na kooni, unalitema. Lingine halionekani. Linabaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, wakati watu wamekaa wanakula. Hilo linapita kote, linafika chini kabisa kwenye mapafu, na pafu likijaribu kulifunika linaota kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu na halifunguki. Wengi wanatibiwa kifua kikuu, kwa sababu dalili zinafanana.

"Na maji?" alisema Mkavu.

"Maji yanalishika pale pale kwenye tundu kabla halijaruka. Ndiyo kazi yake."

"Sisi tuliambiwa ni ya kupoza chuma."

"Najua, baba."

"Na baridi?"

"Baridi haihusiki."

"Haihusiki hata kidogo?"

"Inaleta mafua."

Mkavu alitaka kucheka. Alifungua mdomo kwa ajili hiyo, akaufunga.

Alikuwa amewazika wengi wa kikosi chake. Kwenye kila msiba alikuwa na jibu. Na msiba mkubwa kuliko yote nyumbani kwake ulikuwa wa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyetoboa naye bega kwa bega, huyu ameshika mashine, yule ameongoza chuma. Shemeji alikufa amekauka mwili mzima, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba ndefu. Siku ya mazishi watu waliuliza imekuwaje, mbona huyu ni wa kikosi cha Mkavu. Naye akasimama mbele yao, na kaburi bado halijafukiwa, akasema: "Alikuwa ananizunguka. Nikigeuza mgongo anafungulia maji." Watu wakatikisa vichwa. Mjane akainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyefungulia. Mkewe Mkavu aliendelea kugawa vikombe vya chai, na tangu siku ile hakuligusia jambo hilo.

Sasa aliligusia. Alikuwa bado yupo kwenye karai, na hakuinua sauti.

"Kaka yangu hakufungulia maji."

"Hakufungulia," alisema Mkavu.

"Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema mbele ya watu."

Mkewe akaichukua ovaroli, akaikamua, akaianika. Mkavu aliangalia maji meupe yakitambaa sakafuni kuelekea kwenye mtaro. Baadaye akauliza kama kuna dawa.

"Hakuna. Likishaingia halitoki."

"Hata nikitema sana?"

"Hata ukitema." Binti akajifuta mikono kwenye sketi. "Sikutaka kukwambia, baba. Wewe nisingekwambia. Nimekuja kwa ajili ya kaka."

Hapo ndipo Mkavu alipoelewa kwamba amekwisha kuhesabiwa upande wa waliopita. Hakumlaumu. Mtu akiangukiwa na dari, kikosi kinaangalia kwanza nani anaweza kutolewa.

Kaka mtu alikuja siku ya mapumziko, kama kawaida yake, na mfuko wa sukari na kipande cha sabuni kwa mama. Alikuwa amepanda hewani, mabega mapana, nyusi zimepauka kwa vumbi hata baada ya kuoga. Akamkuta mdogo wake barazani.

"Injinia," alisema. "Wameshawafundisha kushika koleo, au bado mnaichora?"

"Tunaichora. Wewe umeshajua upande wa kushikia?"

"Ukiona malengelenge, hapo hapo."

Walicheka wote. Mkavu akawaacha wacheke. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini pumzi aliyokuwa nayo ilitosha machache, akachagua.

"Huko shimoni maji mnafungulia?"

"Maji gani tena, baba?"

"Ya mashine."

"Mashine yangu haina hata mpira wa maji. Si wewe mwenyewe ulinichongea kizibo cha tundu la maji? Siku ile nilipoileta hapa. Ukakaa hapo hapo ulipokaa, ukachonga kipande cha mti, ukakigonga kwa nyundo, ukaniambia nisikitoe hata nikibembelezwa."

Alikuwa amesahau. Sasa alikiona kile kipande cha mti, na namna kilivyoingia barabara, bila kulegea, kazi ya fundi.

Binti akamweleza kaka yake yote, polepole, kama alivyomweleza baba. Kijana alisikiliza kwa adabu, viwiko magotini. Mwisho akajikuna shingo.

"Mdogo wangu, ninyi chuoni mna bomba. Sisi maji ya kunywa yanapandishwa na punda, na punda mwenyewe akigoma tunashinda na kiu. Mashine inataka pipa zima kwa asubuhi moja."

"Vaeni barakoa basi."

"Tulivaa. Ikiloa jasho unakuwa kama umezibwa pua na mkono wa mtu."

"Acha kazi," alisema Mkavu.

"Niende wapi, baba?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kabisa, akangoja ajibiwe. "Mgodi wa kampuni ule pale, umeota majani. Injinia, wenzako waliomaliza mwaka jana wako wapi? Sema ukweli."

"Mmoja anauza simu," alisema binti. "Wengine wanangoja."

"Haya. Kama wenye vyeti wanangoja, mimi nikakae foleni nyuma yao na nini mkononi? Nina watoto wanakula kila siku, hawajui kungoja."

Mama aliweka birika la chai katikati yao, akamiminia kila mtu. Kijana alikunywa, chai ikampalia, akakohoa. Ilikuwa chai tu iliyoanzisha, lakini kikohozi hakikuishia kwenye chai. Kilishuka chini, kikasita, kikapanda na pumzi fupi mwishoni, ile pumzi ya mtu anayegonga mlango uliofungwa kwa ndani. Mkavu alikijua. Alikuwa amekisikia kwa shemeji yake katika miaka ambayo bado walitaniana kwamba ni moshi wa sigara. Alikisikia kwake mwenyewe kila alfajiri. Akamtazama mkewe, naye mkewe alikuwa ameshika birika na hamimini.

"Kimekuanza lini hicho?"

"Kipi? Hiki? Ni vumbi tu," alisema kijana, akatema uani na kufuta mdomo. "Nikitema kinakwisha."

Binti aliinuka akaingia ndani. Wakasikia kitanda kinalia alipokikalia.

Mkavu alimbembeleza mwanawe muda mrefu kuliko alivyowahi kumbembeleza mtu. Alimwambia auze mashine. Mashine ni ya tajiri. Alimwambia aende kusukuma mkokoteni sokoni. Kijana akasema mikokoteni imeizidi mizigo kwa wingi. Alimwambia arudi kukaa hapa nyumbani, na kabla hajamaliza kusema wote watatu wakaangalia vile vyumba viwili. Kila mlango aliougusa ulikuwa umeshagongwa na mtu mwingine kabla yake. Mwisho akapumua mpaka pumzi ikamrudia.

"Una watu chini yako?"

"Ninao vijana wawili. Wanajifunza. Wepesi sana, baba, ungewapenda."

"Nani aliwaonyesha kuziba maji?"

Kijana aligeuza kikombe mkononi. "Walinikuta nimeziba. Wakauliza kwa nini. Nikawaambia ulivyoniambia."

"Wanashuka na wewe?"

"Mmoja anaongoza chuma. Mwingine anazoa."

"Basi sikiliza. Wewe sina la kukufanyia. Nimetafuta, umeona mwenyewe, sijapata. Kama lazima itobolewe, itoboe peke yako." Mkewe alisema, "Baba watoto," kwa sauti ya chini, naye akainua kiganja kumwomba amalizie. "Kesho kabla hujawasha kompresa, wapandishe juu wote wawili. Wavute kamba, wabebe mawe, wachote maji, chochote cha juani. Ukizima mashine wasishuke kula na wewe. Ule peke yako. Wasishuke mpaka siku ya pili."

"Watauliza. Wataona nimewachoka, au nimepata jiwe zuri nawaficha."

"Waambie."

"Niwaambie nini? Wanakujua wewe kwa sifa tu, baba. Nikiwaambia ni mambo ya chuo watacheka."

"Usiseme chuo." Mkavu aliegemea mbele, mikono kwenye magoti, apate nafasi kifuani. "Waambie mjomba wako hakufungulia maji hata siku moja, na amekufa. Waambie nilikosea mimi, uanze na hilo. Wasipoamini, walete hapa alfajiri, wasimame nje ya dirisha langu, wanisikilize nikiamka."